Maendelezo ya Kiingereza na Watu Walioyafanya

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni



Jambo nitakalolisema ni la kalamu na wino, nalo latuhusu sote tupatao riziki yetu kwa kuandika. Nataka kueleza kwa nini maendelezo ya Kiingereza, yaani jinsi maneno yake yaandikwavyo herufi kwa herufi, ni magumu kiasi hiki, na ni watu gani walioyafanya yakawa kama yalivyo.

Sababu ya kulichagua jambo hili ni kijana mmoja wa chama chetu, ambaye jina lake silitaji. Alinijia siku moja akaniambia, "Mzee, mimi siandiki tena barua kwa maneno yangu mwenyewe. Kila nikipewa barua ya kujibu, nafungua jalada la zamani, natafuta barua iliyokwisha kupita salama, nainakili, nabadili jina na tarehe tu." Nikamwuliza sababu. Akasema barua zake tatu zilirudishwa mbele ya watu, zimepigwa mistari ya wino mwekundu, na tangu siku ile aona kichwa chake hakikuumbwa kwa ajili ya Kiingereza. Mabwana, kijana huyu ana akili kuliko wengi wetu tulioketi hapa. Hesabu zake hazijapata kurudishwa hata mara moja. Lakini sasa amekuwa mtu wa kunakili maneno ya wengine, na ofisi yake yakosa mawazo yake kwa ajili ya herufi mbili tatu.

Nalisikitika sana, maana na mimi yalinipata hayo. Nilipokuwa karani mgeni, naliandika barua ya kumdai mtu fedha, na neno la deni nikaliandika "det", kama nilivyolisikia. Mkubwa wangu akalizungushia wino mwekundu, akaandika kando yake herufi moja tu, B. Nikaenda kumwuliza kwa adabu, "Bwana, hii B yatamkwa wapi?" Akanijibu kuwa haitamkwi. Nikamwuliza, "Kama haitamkwi, yafanya kazi gani?" Akaniambia nirudi mezani pangu. Nikakaa miaka mingi bila jibu, hata nilipopata kusoma habari za lugha ile ndipo nilipoona ya kuwa swali langu halikuwa la kipumbavu, na jibu lake lipo.

Jibu lenyewe ni hili. Waingereza walilipata neno lile kwa Wafaransa, nao kwa muda mrefu waliliandika "dette", bila B. Halafu, hasa katika karne ya 16, kulikuwa na wasomi waliokipenda sana Kilatini, wakaona ni aibu neno lisionyeshe ukoo wake. Kwa Kilatini ni "debitum". Basi wakaitia B ndani yake, ili msomaji amjue babu wa neno. Matamshi hayakubadilika hata kidogo. Hivyo ndivyo walivyofanya na "doubt" pia. Na neno "receipt", ambalo karani wa fedha huliandika kutwa kucha, lilitiwa P kwa ajili ya Kilatini "recepta". Lakini ndugu zake wa tumbo moja, "deceit" na "conceit", hawakupewa P. Ukiuliza haki iko wapi, hutaiona. Mahali pengine hata ukoo wenyewe waliukosea. Neno "island" ni la Kiingereza cha asili, likiandikwa zamani "iland"; wao wakadhani ni jamaa wa "isle", lililotoka kwa Wafaransa na asili yake ni Kilatini "insula", wakalibandika S isiyokuwa yake. Basi S ile ni kosa la wasomi, na siku hizi asiyeiandika ndiye aambiwaye kuwa amekosa.

Lakini hizo ni herufi za kuongezwa tu, na shida ya Kiingereza ni ya zamani kuliko wasomi hao. Herufi za Kilatini zilifika Uingereza na wamisionari kutoka Roma, ambao mkubwa wao, Augustine, alishuka Kent mwaka 597. Zilikuwa zimetengenezwa kwa lugha nyingine, na sauti za Kiingereza zilikuwa nyingi kuzipita. Wenyeji wakaongeza herufi chache za kwao, na kwa kadiri ya mwaka 1000 watu wa ufalme wa Wessex walikuwa na maandishi yaliyotengenea vizuri. Mwaka 1066 akaja William wa Normandy na jeshi lake, akaishika nchi. Tangu hapo mambo ya serikali yakaandikwa kwa Kilatini na Kifaransa, na Kiingereza kikabaki kuwa lugha ya shamba na sokoni. Walipokiandika makarani waliozoea Kifaransa, walikiandika kwa desturi zao. Malkia aliyekuwa "cwen" akawa "queen". Mtoto aliyekuwa "cild" akawa "child". Nyumba iliyokuwa "hus" ikawa "house", maana kwa Wafaransa sauti ya U huandikwa kwa herufi mbili, O na U.

Tena kulikuwa na jambo la mwandiko. Katika hati za siku zile herufi i, m, n na u zilikuwa vijiti vifupi vilivyosimama sawasawa, na zikifuatana huwezi kujua ipi yaanza na ipi yaisha. Neno lao laonekana kama ua la makuti. Wataalamu wengi husema kuwa kwa sababu hiyo waandishi waliiondoa U penye vijiti vingi wakaweka O mahali pake, ili jicho lipumzike. Ndiyo maana mwana, aliyekuwa "sunu", aandikwa "son", na "love" na "come" yana O nasi twaisikia sauti nyingine. Haya ni maendelezo yaliyofanywa kwa ajili ya macho ya karani, wala si kwa masikio ya mtu yeyote.

Kila upande wa nchi uliandika kwa lafudhi yake. Mfano ni "busy" na "bury": maandiko yake yalitoka upande wa magharibi, ambako kweli watu walitamka kitu kama U, lakini matamshi tunayofundishwa ya neno la kwanza ni ya watu wengine, na ya neno la pili ni ya Kent. Maneno haya ni kama mtu aliyevaa kanzu ya huyu na kofia ya yule.

Sasa nafika kwa watu wa kazi yetu. Mwaka 1362 ilitolewa sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu walikuwa wakihukumiwa kwa lugha wasiyoijua. Na kutoka kama mwaka 1417 Mfalme Henry wa Tano akaanza kuandika barua zake kwa Kiingereza. Nani aliyeziandika hasa? Makarani wake; na baadaye wakafuata makarani wa ile ofisi kubwa ya Westminster iitwayo Chancery, palipokuwa na Muhuri Mkuu wa ufalme. Barua zao zilikwenda pande zote za nchi, na kila aliyezipokea aliona jinsi mkubwa aandikavyo, akaiga. Namna yao ya kuandika "such" na "much" na "not" ndiyo iliyoshinda namna nyingine nyingi. Wataalamu hubishana juu ya ukubwa wa kazi yao, maana wafanya biashara na wanasheria wa London nao waliandika sana. Walakini hawakosi kuwataja makarani. Nawaomba mlikumbuke jambo hili mtakapoonyeshwa wino mwekundu: maendelezo yale yametoka kwa sehemu yake katika meza kama zenu, kwa watu waliokuwa na haraka na mishumaa iliyokuwa ikiisha.

Kisha ikaja mashine ya kupiga chapa. Mwingereza wa kwanza kuileta kwao ni William Caxton, aliyefungua kiwanda chake Westminster mwaka 1476, baada ya kukaa ng'ambo kama miaka 30, katika nchi ambazo leo ni Ubelgiji na Uholanzi. Yeye mwenyewe alieleza taabu yake katika dibaji ya kitabu alichokipiga chapa mwaka 1490. Asema wafanya biashara fulani walikuwa katika jahazi kwenye mto Thames, upepo ukakosekana, wakashuka pwani kutafuta chakula. Mmoja wao akaingia katika nyumba akaomba mayai, akayaita "egges". Mama mwenye nyumba akamjibu kuwa yeye hajui Kifaransa. Yule mtu akakasirika, maana hata yeye hakujua Kifaransa. Alikuwa akisema Kiingereza! Mpaka mwenzake akaomba "eyren", ndipo yule mama akasema kuwa sasa amefahamu. Caxton akauliza, je, mtu aandike lipi katika siku hizi, "egges" au "eyren"?

Hapana mtu wa pwani yetu asiyeifahamu taabu ile. Mtu wa Mvita akisema "mato" na "nde", na mtu wa Unguja akisema "macho" na "nje", mpiga chapa aandike lipi? Akimwita mgeni wa Unguja, "Ndoo!" huenda yule akatazama huku na huku akitafuta chombo cha maji.

Caxton na wenzake walichagua kama walivyoweza, mara nyingi kwa desturi ya London, wala si sawasawa katika kila ukurasa. Alikuwa amezoea mambo ya Waflemi, na neno la pepo, ambalo zamani halikuwa na H, likatoka katika kiwanda chake na H baada ya G, kwa mfano wa Kiflemi: "ghost". Halijaiacha hata leo. Tena wapanga herufi walikuwa na hila ya kujaza mstari: nafasi ikibaki huongeza E mwishoni mwa neno, nafasi ikipungua huiondoa. Mimi siwalaumu, nani kati yetu hajapata kufupisha neno ili lisivuke ukingo wa karatasi?

Na hapa ndipo lilipo jambo kubwa kuliko yote niliyoyataja. Herufi zilipokuwa zikianza kukaa mahali pake, sauti nazo zilikuwa zikihama. Kati ya mwaka 1400 na 1700, kwa kukisia, irabu ndefu zote za Kiingereza zilibadilika. Zamani za mshairi Chaucer, aliyekufa mwaka 1400, A ilikuwa karibu na A yetu, na I ilikuwa I yetu ikivutwa. Jina, "name", lilitamkwa karibu na "naa-me", na wakati, "time", karibu na "tii-me", na ile E ya mwisho ikisikika kwa wepesi. Neno "knight" lilianza kwa K iliyosikika, na GH yake ilikuwa karibu na ile kh ambayo wazee wetu waliitamka katika "khabari" na "kheri". Herufi hizi hazikuwekwa kwa mchezo; kila moja ilikuwa na kazi yake, na watu walizisikia. Halafu kinywa kikaendelea na safari, na herufi zikabaki kituoni.

Fikirini basi mtoto wa darasa la kwanza la Kiingereza. Mwalimu ameandika "name" ubaoni, mtoto asoma "na-me", na darasa zima lacheka. Mtoto yule hakukosa kusoma. Amekosea miaka mia sita tu. Laiti angesimama mbele ya watu wa Chaucer, wangalimsikia vizuri kuliko wangalivyomsikia mwalimu wake.

Wako waliojaribu kuitengeneza hali hii. John Hart alitoa kitabu mwaka 1569 akitaka kila sauti iwe na herufi yake, hakufuatwa. Richard Mulcaster, mwalimu mkuu wa shule moja ya London, akasema katika kitabu chake cha mwaka 1582 kwamba desturi isivunjwe, bali itengenezwe, akatoa orodha ya maneno maelfu. Huyu alikuwa karibu zaidi na njia iliyokuja kufuatwa. Mwaka 1604 Robert Cawdrey akatoa kamusi ndogo ya maneno magumu kama 2,500. Watu wakubwa hawakujali bado. Saini sita za Shakespeare zilizohifadhiwa hazikuandikwa zote kwa namna moja, na hakuna aliyemrudishia karatasi.

Wafaransa walikuwa na baraza la lugha tangu mwaka 1635. Waingereza hawakupata kuwa nalo, ingawa Jonathan Swift aliliomba mwaka 1712. Kazi ya baraza ikafanywa na mtu mmoja aliyelipwa na wauza vitabu. Samuel Johnson aliafikiana nao mwaka 1746 kwa paundi 1,575, akakaa katika orofa ya juu ya nyumba yake London pamoja na waandishi sita wa kumsaidia, na kamusi ikatoka mwaka 1755, ina maneno zaidi ya 40,000. Hakutaka kuzusha mambo. Aliandika kama alivyoona watu wema wakiandika, na penye shaka akatazama asili ya neno. Tangu hapo aliyetaka kujua alifungua Johnson. Hata yeye alisinzia mahali pengine: aliandika "uphill" kwa L mbili na "downhil" kwa moja, na "musick" na "publick" aliyapa K ambayo baadaye ilianguka. Na ile "receipt" yenye P na "deceit" isiyo na P, aliyakuta hivyo akayaacha hivyo. Katika dibaji alikiri ya kuwa mwanzoni alitumaini kuifunga lugha isiende, na mwishoni akaona hakuna awezaye.

Kiswahili kilipita njia nyingine. Wazee wetu waliandika kwa herufi za Kiarabu karne nyingi. Herufi za Kilatini zilipokuja, kila mgeni aliandika kwa sikio la kwao, na ramani za Wadachi zikawa na "Kilimandscharo". Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukakichagua Kiunguja kiwe msingi, mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi yake, na mwaka 1939 kamusi zake zikatoka. Watu wa Mvita, wenye mashairi yao makubwa, hawakufurahi, nami nawaelewa. Walakini herufi zile ziliwekwa mezani kwa muda mfupi, sauti zikiwa bado mbichi masikioni. Maendelezo ya Kiingereza hayana siku ya kuzaliwa. Yalijikusanya.

Mtaniuliza, mbona hayatengenezwi? Wamejaribu. Noah Webster wa Marekani, katika kamusi zake za mwaka 1806 na 1828, alifaulu kuwapa Wamarekani "color" na "center", lakini "tung" na "wimmen" walimrudishia. Mwaka 1906 Rais Roosevelt aliamuru maneno 300 yaandikwe kwa wepesi katika karatasi za serikali. Bunge likakataa, na magazeti yakamcheka. Katika Bunge la Uingereza, mwaka 1949, mswada wa maendelezo mepesi ulishindwa kwa kura 87 dhidi ya 84. Kura tatu tu, Mabwana! Mwaka 1953 mwingine ukapita hatua ya pili, kisha ukaondolewa. Kikwazo ni kwamba ukiamua kuandika kama watu wasemavyo, yakupasa kwanza kuamua watu gani. Mtu wa Scotland aitamka R ambayo mtu wa London haitamki, na Mmarekani ana yake.

Tena si kila herufi bubu ni bure. Katika "sign" G haisikiki, lakini tazameni "signature": imeamka. Nami siku moja, nikijaza daftari la hesabu, nikaliangalia neno lililoandikwa juu ya safu ya kushoto, neno nililoliandika miaka yote bila kulitazama: "debit". B yangu ilikuwa pale, yasikika wazi kabisa. Mkubwa wangu angaliweza kuninyoshea kidole tu kwenye daftari, nisingalisahau tena. Lakini nadhani hata yeye hakuwa ameiona.

Hayo ndiyo niliyomwambia yule kijana. Nikampa shauri kwamba neno likimsumbua amtafute ndugu yake, na asipokuwa na ndugu, aliandike katika daftari dogo pamoja na kisa chake, maana kisa hukumbukwa kuliko herufi. Nikamwomba pia ajibu barua moja, moja tu, kwa maneno yake mwenyewe. Aliijibu. Ilirudi na mstari mmoja mwekundu, kwa sababu "accommodation" alilipa M moja. Akaniletea, tukaitazama pamoja, akaiandika tena, ikaenda posta.

Bwana Mwenyekiti, muda niliopewa umekwisha. Maswali nitayapokea kwa furaha, ila nawaomba msiniulize habari za "colonel", maana neno lile lataka jioni yake peke yake.